Usiku Mmoja Jangwani: Wapi Ulipe, Wapi Ubanie

Kule Sossusvlei, katika jangwa la Namib, mtu aliyelala kwenye hema lake mwenyewe anaweza kuwahi kileleni mwa kilima cha mchanga kuliko aliyelala kwenye chumba cha mamia ya dola. Siri ni lango. Kambi ya Sesriem, inayoendeshwa na shirika la serikali la Namibia Wildlife Resorts, iko ndani ya lango la nje la Hifadhi ya Namib-Naukluft, na waliolala humo hufunguliwa lango la pili kama saa moja kabla ya jua kuchomoza. Waliolala nje hupanga foleni ya magari mpaka jua litoke. Kutoka langoni hadi vilima vikubwa ni zaidi ya kilomita 60, hivyo saa hiyo moja ndiyo inayoamua kama utauona mchanga ukigeuka rangi taratibu au utafika wakati jua limeshafuta kila kivuli.

Ndiyo maana swali la "kambi gani nzuri?", ambalo kila wakala wa safari huulizwa kwanza, halimsaidii sana mlipaji. Swali lenye faida kwa mfuko ni hili: pesa ninayoombwa inaninunulia nini ambacho siwezi kujipatia mwenyewe? Kusini mwa Afrika swali hilo lina jibu tofauti kila unapohama jangwa, na aliyejibu vizuri huokoa maelfu ya dola bila kupunguza safari.

Kwanza tuzione bei zenyewe, kwa makadirio ya miaka ya karibuni. Viwanja vya kupiga hema vya serikali au vya jamii za vijijini ni kati ya dola 15 na 40 kwa mtu, nawe unaleta hema, chakula na kuni. Loji za kati ni dola 100 hadi 250 kwa mtu, pamoja na chakula cha jioni na kifungua kinywa. Halafu zipo kambi zinazofikiwa kwa ndege ndogo. Hizo, msimu wa wageni wengi, hupita dola 1,000 kwa mtu kwa usiku mmoja, na chache hupita hapo kwa mbali. Milo, vinywaji na matembezi mara nyingi vimo ndani. Ndege yenyewe mara nyingi haimo.

Pengo hilo halitokani na shuka. Kambi ya ndani kabisa ya jangwa huwa na vyumba vinane au kumi, na gharama zote za kuiendesha hubebwa na wageni hao wachache. Dizeli, nyanya, mitungi ya gesi, betri za sola, hata fundi wa kuzitengeneza, vyote vimesafiri siku nzima au zaidi kwenye changarawe. Maji huvutwa kutoka kina kirefu au huja na lori. Mpishi na mwongoza watalii hawawezi kurudi kwao jioni, kwa hiyo kambi huwalaza na kuwalisha miezi mfululizo. Juu ya hayo kuna malipo ya haki ya kutumia eneo, yanayokwenda serikalini au kwa wenye ardhi. Sehemu kubwa ya ile dola 1,000 ungeilipa hata kama ungelala kwenye mkeka.

Sasa turudi Sossusvlei. Pale nasema wazi: bania. Kutoka Windhoek hadi Sesriem ni kama kilomita 350, saa tano za mwendo wa kistaarabu kupitia Solitaire, na gari dogo linafika. Ndani ya hifadhi kuna lami mpaka karibu na mwisho. Kilomita tano hivi za mwisho ni mchanga laini, na asiye na gari la 4x4 huacha gari lake chini ya miti akapanda usafiri wa pale. Kilima cha Dune 45, kilichopewa jina kwa kuwa kiko kilomita 45 kutoka Sesriem, kiko kando ya barabara. Kile kirefu wanachokiita Big Daddy kinapita mita 300. Chini yake ipo Deadvlei, sakafu ya udongo mweupe yenye migunga iliyokufa karne nyingi zilizopita na bado imesimama, kwa sababu hewa ni kavu kiasi kwamba haiozi. UNESCO iliuingiza mchanga huu kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2013. Na kilima hakikimbii: huhitaji mtu wa kukutafutia.

Loji za kifahari za eneo hilo zinauza ukimya, chakula kizuri na nyota. Nyota kweli ni za ajabu. Hifadhi binafsi ya NamibRand, jirani upande wa kusini, ilitambuliwa kimataifa mwaka 2012 kwa giza la anga lake. Lakini nyota hizohizo ziko juu ya kiwanja cha Sesriem pia, ukijitenga kidogo na taa za vyoo. Asiyetaka hema na hataki kupoteza ile saa ya alfajiri aulize Sossus Dune Lodge, ya shirika lilelile la serikali, kwa kuwa nayo iko ndani ya lango. Unacholipia pale hasa ni mahali ilipo. Ukiletewa loji nyingine, iwe na bwawa la kuogelea au isiwe nalo, uliza kwanza: lango lenu linafunguliwa saa ngapi?

Nenda sasa kaskazini magharibi, mkoa wa Kunene, na hesabu inapinduka. Huku ni mawe mekundu, mito mikavu na ukungu wa bahari ya Atlantiki. Tembo hutembea umbali mrefu kwenye vitanda vya mito ya Hoanib na Hoarusib wakitafuta maji, simba wachache waliozoea jangwa hushuka hadi pwani ya Skeleton Coast, na faru weusi huzurura bila uzio. Ni wachache, na eneo ni kubwa mno. Unaweza kwenda na gari lako hadi Sesfontein au Purros, ukazunguka siku tatu ukaona choroa na twiga, ukarudi na picha za nyayo. Kambi ya ndege kama Hoanib Skeleton Coast inakuuzia watu wanaojua tembo walipita wapi jana. Hapo pesa inanunua ujuzi, na ujuzi huo hauji na gari la kukodi.

Hata hivyo hata huku kuna njia ya kati ambayo mawakala hawaitangazi sana. Faru wa Damaraland, humuhumu Kunene, wanalindwa na wafuatiliaji wa Save the Rhino Trust, shirika lililoanzishwa mwaka 1982, na wageni wa Desert Rhino Camp ndani ya eneo la Palmwag huandamana nao. Ni kambi ghali. Lakini Grootberg Lodge, iliyofunguliwa mwaka 2005 juu ya ukingo wa bonde, nayo hupeleka wageni kufuatilia faru weusi, na inafikiwa kwa gari. Inamilikiwa na wanajamii wa hifadhi ya ǂKhoadi-ǁHôas wenyewe, na bei yake ni ya loji za kati; ufuatiliaji wa faru hulipiwa kando. Kuna kutembea kwa miguu juu ya mawe, wakati mwingine saa kadhaa, na faru anaweza asionekane. Usilipe kama goti linakusumbua.

Umiliki huo una historia fupi ya kuijua kabla ya kutoa pesa. Mwaka 1996 Namibia ilibadilisha sheria na kuziruhusu jamii za vijijini kusajili hifadhi zao na kuingia mikataba na wawekezaji. Msomaji wa Tanzania atakumbuka WMA zake, yaani maeneo ya wanyamapori yanayosimamiwa na vijiji, na wa Kenya atakumbuka hifadhi za jamii kandokando ya Maasai Mara. Tofauti kati ya kambi na kambi ni mgao: nyingine hulipa jamii kodi ya ardhi tu, nyingine hugawana mapato, nyingine ni mali ya kijiji kabisa. Uliza kabla ya kuweka nafasi. Kambi inayojivunia mkataba wake hukujibu siku hiyohiyo.

Botswana ina mtego wake. Serikali ilichagua zamani kupokea watalii wachache wanaolipa sana, kwa hiyo usitegemee bei za chee. Lakini tazama Makgadikgadi, yale mabonde ya chumvi makubwa yaliyokuwa ziwa. Jack's Camp ndiyo yenye jina: mazulia, samani za kale, hema kama sebule ya sultani, na bei inayolingana. Karibu nayo ipo Camp Kalahari, chini ya kampuni ileile. Wageni wa kambi zote mbili huwaona nguchiro wale wadogo wanaosimama wima kuchungulia jua, huvuka chumvi ileile kwa pikipiki za magurudumu manne wakati wa kiangazi, na hutembea na wazee wa jamii za San wakifundishwa mizizi na nyayo. Kinachopungua ni mazulia na sehemu kubwa ya bili. Na anayetaka kushuka zaidi, kijijini Gweta kuna Planet Baobab, penye vibanda na uwanja wa hema katikati ya mibuyu, panapouza safari za nusu siku kwenda kwenye nguchiro haohao. Kwa maoni yangu Jack's Camp ni ya mwenye harusi au mwenye mwajiri mkarimu.

Hifadhi ya Central Kalahari naipitia haraka, kwa sababu si ya kila mtu. Ina kilomita za mraba 52,800, zaidi ya mara tatu ya Serengeti, na ndani yake hakuna duka wala kituo cha mafuta. Mwenye hema hubeba maji yake yote, mafuta yake yote, na busara inataka magari yawe mawili. Kambi chache za kulipia zipo. Fahamu pia kwamba Wasan waliondolewa humo na serikali, na mwezi wa Desemba 2006 Mahakama Kuu ya Botswana iliamua kwamba waliondolewa kinyume cha sheria. Habari za namna hiyo si ngeni kwetu, kila mmoja aamue pesa yake iingie wapi.

Ningeambiwa nichague sehemu moja tu yenye thamani kuliko bei yake, ningetaja Kgalagadi. Hii ni hifadhi ya pamoja ya Afrika Kusini na Botswana, iliyozinduliwa mwaka 2000, ya kwanza ya aina yake barani. Unaruka hadi Johannesburg au Cape Town, kisha Upington, unachukua gari, na baada ya kilomita 250 hivi za lami uko langoni Twee Rivieren. Kambi kuu tatu zina duka na mafuta. Lakini zilizo na thamani ni zile ndogo za porini: Kieliekrankie juu ya kilima cha mchanga mwekundu, Urikaruus kwenye ukingo wa mto mkavu wa Auob, Grootkolk mbali kaskazini, na nyingine. Kila moja ina vyumba vinne tu. Hazina uzio, kwa hiyo fisi anaweza kupita chini ya kibaraza chako, na mlinzi wa kambi huishi hapohapo. Unapewa kitanda, jiko la gesi, mahali pa nyama choma na mbele yako kisima cha wanyama. Chumba cha watu wawili kimekuwa kikigharimu takriban dola 100 hadi 150, na juu yake kiingilio cha hifadhi cha kila siku kwa kila mtu.

Ni kambi ya porini yenye wageni wanane, kitu ambacho kwingine kinauzwa kwa dola 1,000. Kinachokosekana ni mpishi, mwongoza watalii na mtu wa kukuendesha. Maji ya kunywa na kuni unabeba mwenyewe. Watoto chini ya miaka 12 hawapokelewi kwenye kambi hizi. Mbili kati yake, Bitterpan na Gharagab, zinataka 4x4. Nyingine zinafikika kwa gari la kawaida lenye tumbo la juu, ukipunguza upepo wa matairi. Mwendo hifadhini ni kilomita 50 kwa saa, na kutoka Twee Rivieren hadi kambi kuu ya Nossob, kilomita 160 hivi, ni nusu siku. Unayetaka kuingilia nchi moja na kutokea nyingine lazima ulale ndani angalau siku mbili.

Asiyetaka kupika aangalie !Xaus Lodge ndani ya hifadhi hiyohiyo. Ni mali ya jamii za ǂKhomani San na Mier, waliorudishiwa ardhi baada ya makubaliano ya mwaka 1999. Ina chakula, matembezi ya mchana na usiku, na bei ya kati.

Upande wa majira, watu wengi hulipa vibaya kwa kufuata kalenda ya Ulaya. Julai hadi Oktoba ndiyo miezi ghali, na kwa Namib na Kunene inaeleweka: miezi yake mingi haina joto kali, na wanyama wako karibu na maji. Kalahari ni hadithi nyingine. Mvua zinaponyesha kati ya Desemba na Aprili, nyasi fupi huota kwenye mabonde ya kale kama Deception Valley, choroa na springbok hujazana, duma na simba huwafuata. Makgadikgadi nayo hupokea makundi ya pundamilia wakati huohuo. Ndio msimu ambao kambi hushusha bei. Ubaya wake ni joto linalopita nyuzi 40, matope, na chumvi isiyopitika kwa zile pikipiki. Juni na Julai, kwa upande mwingine, usiku wa Kalahari hushuka chini ya sifuri. Anayetoka Tanga au Mombasa na blanketi la mkononi atajuta. Nunua soksi nzito na kofia.

Sasa gharama zisizoandikwa kwenye tangazo. Ya kwanza inamhusu msomaji wa Kiswahili moja kwa moja. Nyumbani tumezoea kulipa kiingilio cha raia wa Afrika Mashariki. Kusini kipimo ni SADC, jumuiya ya maendeleo ya nchi za kusini mwa Afrika. Hifadhi za Namibia na za Afrika Kusini zina madaraja matatu ya bei: raia, watu wa SADC, na wageni wengine. Tanzania na Kongo ya Kinshasa zimo ndani ya SADC. Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi hazimo. Mtanzania na Mkenya walio kwenye gari moja watalipa tofauti langoni, na Mtanzania asiyeonyesha pasipoti atalipa kama Mjerumani. Baadhi ya kambi binafsi nazo zina bei ya SADC ambayo haipo kwenye tovuti. Lazima uiombe kwa jina.

Ya pili ni gari. Habari njema kwa Mkenya, Mtanzania na Mganda ni kwamba huko nako wanaendesha kushoto. Habari mbaya ni changarawe. Usizidi kilomita 80 kwa saa. Magari ya watalii hupinduka yenyewe kwenye kona bila kugongana na mtu, na bima nyingi za kukodi hukataa hasa ajali hiyo ya gari moja, pamoja na matairi, vioo na uvungu wa gari. Soma ukurasa huo kabla ya kusaini, ulipie kinga ya matairi, na udai tairi mbili za akiba. Jaza mafuta kila unapoona kituo, na uwe na pesa taslimu.

Ndege ndogo zina masharti: kilo 20 kwa mtu, mkoba wa mkononi ukiwemo, kwenye begi laini. Anayesafiri peke yake huongezewa malipo ya chumba, na kambi za ghali hapo humkamua vibaya. Miezi isiyo na wageni baadhi huyafuta ukiomba. Kadi ya homa ya manjano iwe mkononi. Na dola ya Namibia, yenye thamani sawa na randi, itumie iishe kabla ya kuondoka: randi inapokelewa Namibia, lakini Johannesburg dola hiyo haitakununulia hata chai.

Tupige hesabu ya watu wawili, siku saba, mzunguko wa Windhoek, Sesriem, Swakopmund, Grootberg na kurudi. Gari la 4x4 lenye hema juu yake na vyombo vya kupikia, dola 130 kwa siku: 910. Mafuta ya kilomita kama 2,000: karibu 290. Usiku nne za uwanja wa hema: 200. Usiku mbili Grootberg: 600. Kufuatilia faru, wawili: 300. Chakula na viingilio: 300. Jumla ni dola 2,600, bila tiketi za ndege kutoka nyumbani. Wawili haohao kwenye kambi ya ndege, usiku tatu tu, wataanza na dola 6,000 kabla ya nauli ya ndege ndogo.

Jambo moja zaidi, kwa uaminifu. Aliyewahi kuliona kundi la nyumbu likivuka Mto Mara, au tembo mia wa Ruaha wakati wa kiangazi, asiende jangwani kuhesabu wanyama. Atarudi amenuna. Huko siku nzima inaweza kukupa choroa watano na mbweha mmoja, na unalipia nafasi iliyo kati yao. Kama familia yako bado haijaona hifadhi za nyumbani kwa bei ya raia, anzeni na hizo.

Kwa anayekwenda, uamuzi wangu ni huu: Sossusvlei lala hemani ndani ya lango, Makgadikgadi chagua Camp Kalahari, Kgalagadi pika mwenyewe. Kama una pesa ya usiku mbili za kifahari, zipeleke Hoanib, si kwenye vilima vya mchanga. Na vyumba vinne vya Kieliekrankie huanza kuuzwa miezi 11 kabla. Anayevitaka kwa Julai aombe Agosti ya mwaka uliotangulia.